Breki za Kasa

Mkwe wangu Yusuf,

Assalaam alaikum. Nakuita mkwe ingawa nilikuvua jina hilo kwa kinywa changu mwenyewe. Ukiona sina haki nalo tena, liruke, uendelee kusoma.

Sisi huku Amu tu wazima. Mguu wa mwanangu Lali umeunga. Asubuhi anachechemea kidogo, jua likipanda anasahau kuchechemea. Amerudi kwenye boti yake, Amu na Mokowe, Mokowe na Amu, na abiria wanalalamika kuwa anakwenda mbio, kwa hiyo najua amepona. Natumai huko Kitui wewe na binti yangu mko salama na mvua imewafikia.

Barua ya mkwe kwa kawaida hufungwa. Hii nimeiacha wazi kwa kusudi. Jambo nililokutendea nililitenda barazani, baada ya swala ya alasiri, watu wamejaa. Nilisema breki ulizozifunga wewe nusura zimuue mwanangu. Neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi kwa kunong'ona, basi atakayeisoma na aisome, na akitaka amsomee mwenzake.

Nianzie mbali kidogo, maana mtu mzima akiwa na aibu hupenda kuzunguka.

Unakumbuka siku uliyokuja bandani kwangu? Ulikuwa umemwoa Zaituni mwaka mmoja tu. Ulikuwa fundi wa magari ya serikali kule Mokowe, mtu wa bara, uliyeingia katika dini miaka kabla hujamjua binti yangu. Mjini walikuita Kyalo, jina lako la nyumbani, na hawakuwa na nia mbaya. Mimi peke yangu nilikuita Yusuf, na nilijiona mwema kwa hilo. Ulisimama mlangoni ukavua kofia, ukaniomba pembe moja ya banda.

"Ya nini?" nikauliza.

"Ya kuunda gari, baba."

Nilicheka mpaka nikaliweka chini tezo langu la kuchongea. Miaka arubaini banda lile limetoa mashua na mitumbwi, na hapa kisiwani magari utayahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole. Lakini Lali alikuwa amekwenda Hindi, ule mji wa bara karibu na Mokowe, akaona magari ya kiti kimoja yakishindana kwenye uwanja wa murram, akarudi hawezi kula. Gereji ya serikali haikuruhusu kazi ya mtu binafsi. Injini ulikwisha kuipata, ya gari dogo lililopinduka kwenye barabara ya Witu. Ulichokosa ni mahali pa kuifungia. Nikakupa pembe, na baada ya mwezi mkawa mmechukua nusu ya banda, mimi na mashua yangu tumesukumwa ukutani.

Ile ilikuwa miezi mizuri, Yusuf. Naisema wazi kwa sababu wakati ule sikuisema. Ulichomelea mabomba ukatengeneza fremu, nami nikaizunguka nikiutafuta mkuku wake, uti wa chini wa chombo. Ulitaka kuifunika kwa bati jepesi. Nikakwambia bati ni la mapaa. Nikakuwekea sakafu ya mbao na mbavu za mbao ubavuni, nikazipinda kwa mvuke kama za mashua, na ulipopitisha kiganja chako juu yake ulitikisa kichwa tu. Kwangu ilitosha. Zaituni alipoleta chai akaliona gari limeinama hivi, mgongo mviringo, akasema ni kasa mtupu. Likawa Kasa. Wazee wenzangu walikuwa wakipita wakichungulia. "Na tanga mtalifunga wapi?" waliuliza, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Mbao zilipokamilika nilizipaka sifa. Kwa msomaji asiyetoka pwani hii, sifa ni mafuta ya ini la papa. Tunaipaka mbao ya chombo isipasuke kwa jua wala isinyonye maji. Inanuka, sikatai, ila sisi hatuisikii tena. Baba yangu aliipaka, na mimi niliinusa kabla sijajua kusoma. Wewe ulipoingia ukaziba pua kwa mkono wa shati, Lali akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, hii kitu ni lazima?" ukauliza.

"Chombo changu hakitoki kikavu," nikakujibu, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyokuwa yakiishia mazungumzo yetu mengi.

Tulimvusha Kasa kwa mashua ya kubebea mchanga, wewe umemkumbatia kama mgonjwa. Ya Hindi siku ile ya kwanza unayajua. Tulikuwa wa mwisho. Magari ya Malindi na Mpeketoni yalituzunguka, na Lali kila alipokaribia kona aliachia mafuta mbali kabisa, akangoja gari lipungue lenyewe, kisha akapinda kwa adabu. Zaituni, aliyekuwa akishika saa kwenye simu yake, alifika mahali akaizima kwa huruma.

Ulimuuliza kwa nini hakanyagi breki. Alikutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapigi makasia barabarani.

"Nimezoea mayi yanisimamishe, shemeji."

"Hapa hakuna maji, Lali. Hapa kuna mtaro."

Sisi watu wa Amu hatuna breki, hilo ndilo lililokuwa. Boti haina breki. Ukitaka kusimama unapunguza moto mapema, unayaachia maji kazi. Mtoto wetu anajua kuegesha boti kwenye gati lililojaa bila kugusa rangi ya jirani, lakini hajui kuukabidhi mguu wake roho yake. Hukumcheka. Kila siku yako ya mapumziko ulivuka naye, mkaenda mpaka uwanjani, ukapanga matairi ya zamani, ukasimama wewe mwenyewe kando ya tairi la mwisho. "Kanyaga hapa. Si kabla. Hapa." Nilikuja siku moja nikakaa chini ya kivuli cha pikapu, nikakuona umesimama pale, gari linakujia, na hukusogea. Alikanyaga akasimama hatua nne kutoka magotini mwako. Kisha ukainama kwake ukamwambia, "Nimezifunga mwenyewe. Zitakushika." Nilisikia kwa masikio yangu. Ni maneno hayohayo niliyokuja kukupigia nayo baadaye.

Shindano la pili tukapanda kidogo, hatukuwa wa mwisho. Mlipomrudisha Kasa kivulini ulijilaza chini yake, ukatoka na vumbi limekuganda mikononi kama unga wa andazi. Jua lilikuwa limeiyeyusha sifa, inadondoka. Ulinijia peke yangu, mbali na Lali na Zaituni, ili usinivunjie heshima.

"Baba, hii mafuta inashuka. Ikifika kwa breki tutaumia."

Nikakwambia neno ambalo najuta, ingawa si lile kubwa. Nikasema, "Mafuta haya yamelinda vyombo kabla babuyo hayaona mayi ya munyu." Uliinamisha kichwa. Hukuondoka. Ukarudia ombi lako polepole, kama mtu anayemsogezea mgonjwa kijiko, mpaka nikasema basi, sitapaka tena. Nilikupa neno langu. Tulikuwa wawili tu, na hadi wiki iliyopita hakuna mtu wa tatu aliyejua kuwa niliwahi kukupa neno.

Uliiosha ile sakafu kwa mafuta ya taa na sabuni, siku nzima, juu na chini, mpaka mbao zikawa nyeupe kama mfupa. Nilikaa upande wangu wa banda nikiranda mbao isiyohitaji kurandwa.

Shindano la tatu, Lali alikanyaga. Alikwenda mpaka pale ambapo moyo wangu ulikuwa umekwisha kusimama, ndipo akakanyaga, na Kasa akatulia akapinda. Tulikuwa wa tatu. Lali alitoka garini akakurukia shingoni, Zaituni analia na kucheka, na mtu mmoja wa Malindi akaja kukuuliza breki zile umezipataje. Watu wakakuzunguka. Akatokea kijana mmoja wa waandalizi, mpole, ana chupa ya maji mkononi, akanipa. "Na wewe mzee," akaniuliza, "ulikuja kutazama?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuja kutazama.

Nataka unielewe hapa, Yusuf, na kuelewa si kusamehe, nazijua tofauti zake. Nilikuwa nimefurahi. Wallahi nilifurahi. Lakini tulipovuka kurudi, nyinyi watatu mnasimulia kona kwa kona, mimi nilikuwa nikiitazama ile sakafu yangu iliyooshwa. Ukiacha mbavu, ndicho kitu pekee katika gari lile kilichotoka mkononi mwangu, na kilikuwa kimekaa pale kama maiti iliyokwisha koshwa. Mashua sasa wanaagiza za plastiki. Fundi wa mbao anaamkiwa kwa heshima na hapewi kazi. Nikajiambia kuwa mbao zitapasuka. Zilikuwa zimeanza kupasuka kweli, nywele mbili tatu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Siku moja kabla ya shindano la mwisho wewe ulikuwa kazini, Lali botini. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilishusha kopo kutoka juu ya boriti. Sikupaka juu, kwa sababu juu ungeona. Nililala chali chini ya Kasa, mzee wa umri wangu, nikapaka kwa chini, mkono wa kwanza nikangoja, kisha mkono wa pili. Nilikuwa nikiimba. Harufu haikunitia wasiwasi. Banda lile lote linanuka sifa tangu enzi za baba yangu, nani angetofautisha? Nikaona nimemtendea Kasa haki yake, na wewe nikakuona kijana mzuri mwenye woga mwingi.

Asubuhi kule Hindi ulilikagua gari kama kawaida yako. Ukatikisa magurudumu, ukamwambia Lali akanyage, ukasukuma, ukasukuma tena. Zilishika. Bado kulikuwa na ubaridi na mafuta yalikuwa mazito. Chini hukulala, kwa sababu tulichelewa kuvuka, na kwa sababu nyingine ambayo nilikuja kuifahamu mwaka mzima baadaye: kwa nini ulale chini? Baba mkwe alikuwa amekupa neno lake.

Sitasimulia sana. Mzunguko wa sita, jua limewaka, ile kona ya mteremko. Nilimwona akifika pale pa kukanyagia. Nilimwona bega lake likisogea, alikanyaga, na Kasa hakujua kama amekanyagwa. Alipita katikati ya matairi, akaruka mtaro, akapinduka. Ulikuwa wa kwanza kufika. Mimi nilifika wa mwisho.

Kutoka Mokowe hadi Amu ulimlaza kichwa mapajani mwako ndani ya boti ya mwenzake, na kila wimbi lilipotugonga ulimwinua kidogo asiumie mguu. Nilikuwa nimekaa mbele nimewapa mgongo. Nilimsikia.

"Nalikanyaga, shemeji. Kama ulivyonifunza."

"Najua, Lali."

"Haikushika."

"Najua. Nyamaza sasa."

Mtu mwenye hofu hutafuta pa kuitua. Mimi pa kuitua palikuwa mbele yangu, pamekaa kimya, pamemshika mwanangu kichwa. Kabla hatujafika gatini nilikuwa nimekwisha kukuhukumu.

Ulikuja barazani siku ya tatu kunipa habari za hospitali. Ulikuwa umekesha, macho mekundu. Ukanisalimia, sikuitikia. Watu wakageuka, wakajua kuna jambo. Nikakuita Kyalo. Ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kukuita hivyo, na nililichagua jina hilo kwa makusudi, kama mtu anavyochagua jiwe.

"Kyalo, nalikuoza mwanangu nikidhani wajua kazi. Huijui. Tangu leo mimi si mkweo."

Nilitaka unijibu. Ungeniuliza mbele ya wote, "Baba, ulipaka tena?" ungekuwa na haki. Sijui kama ulishuku. Nimeliwaza swali hilo asubuhi nyingi. Ukasema tu, "Nimesikia, baba," ukavaa viatu vyako ukaenda.

Zaituni alinijia nyumbani jioni ile. Hakupiga kelele, mwanangu huyo hajui kelele, kamfuata mama yake. Aliniuliza kitu kimoja. "Baba, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Mwezi haukwisha ukapata uhamisho, mkafunga vitu vyenu, na Kasa akaburutwa hadi nyuma ya banda nikamfunika makuti.

Mwaka mzima ukapita. Ukiniuliza mwaka huo nilijua au sikujua, nitakujibu hivi: sikujua, lakini njia ya kujua ilikuwa hatua ishirini kutoka mahali ninapokaa, chini ya makuti, na nilikuwa naizunguka. Nikitaka kwenda kisimani napita upande wa pili. Asiyejua hafanyi hivyo.

Mwezi uliopita Lali akaniambia anataka kumrudisha Kasa uwanjani. "Nitampigia shemeji aje aziangalie breki," akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kana kwamba watu hawakuwa barazani siku ile. Hasira ikanipanda upya. Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua mtu wa Kitui, nitazifungua mwenyewe, na atakachokiona humo ndani kitamwonyesha shemeji yake ni fundi wa namna gani. Lali akanitazama, akaenda zake botini.

Kwa hiyo nilimfunua Kasa ili nikukamate, Yusuf. Nataka uijue nia yangu. Nilikuwa natafuta skrubu uliyoisahau, bomba ulilolikaza vibaya, chochote cha kuwaonyesha watu. Nililifungua gurudumu la nyuma la kushoto. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimekazwa, kisafi kwa ufundi. Ila pedi ya breki ilikuwa nyeusi, imelowa, na vumbi limegandamana juu yake. Niliikwaruza kwa kucha nikaipeleka puani.

Nimekwambia kuwa sisi harufu ile hatuisikii tena. Siku ile niliisikia. Ilinijaa kichwani mpaka nikakaa chini mchangani.

Sasa nitakwambia jambo ambalo hakuna aliyeliona na ningeweza kufa nalo. Niliamka nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikaifuta ile pedi. Nikaifuta vizuri, mbele na nyuma, kama ulivyoosha wewe sakafu, mpaka ikatoka kavu haina shahidi. Kisha nikafungua gurudumu la pili. Ilipokuwa mkononi pedi ya pili, nikauona mkono wangu. Mkono huu umeunda vyombo vilivyobeba watu, haukuwahi kumdhulumu mtu hata ubao mmoja, na sasa ulikuwa umeshika kitambaa unafanya kazi ya mwizi. Nikaona aibu, Yusuf. Nilimwonea aibu hata yule ndege aliyekuwa juu ya paa. Nyani haoni kundule, husema watu, lakini akilionyeshwa afanyeje? Nikakiweka kitambaa chini. Pedi ile ya pili ninayo, imefungwa kwenye karatasi, sijaifuta.

Nilimfuata Lali gatini. Alikuwa akifunga kamba. Nikamwambia yote, la neno nililokupa, la kopo, la mikono miwili ya mafuta, la kitambaa. Ni mimi niliyemvunja mguu, nikamwambia hivyo kwa maneno hayo. Aliendelea kufunga kamba, fundo baada ya fundo, nikadhani hakusikia.

"Mimi nilijua si yeye," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, baba. Pale hospitali, mara ngapi? Hukutaka kusikia."

Kisha akaniita nisogee, ndoo uketi, umechoka, akanitandikia koti lake kwenye ubao. Sijui nilimlea lini mtoto huyu akawa hivi. Nadhani sehemu ulimlea wewe, pale kwenye matairi.

Ijumaa iliyopita baada ya swala nilikwenda barazani na ile karatasi. Nikasimama pale niliposimama siku ile, nikaifungua, nikawapitishia wanuse mmoja mmoja. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini, wote ni watoto wa hapa. Nikasema Yusuf alinikataza, nikampa neno, nikalivunja kwa siri, mwanangu akavunjika, nikamtwika yeye. Breki zake zilikuwa nzima.

Hatimaye jirani yangu mmoja, mtu mwema anayependa mambo yaishe, akasema, "Basi, Bwana Famau, yameshapita. Ajali ni ya Mungu."

Nikamwambia ajali ni ya Mungu, lakini mafuta yalikuwa yangu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyazunguka. Maji yakimwagika hayazoleki, na sikuandiki ili uyazoe. Sikuiti urudi. Mna nyumba yenu huko, na kazi, na nimesikia magari ya Kitui hayanuki. Kwa Kasa usijitie mashakani. Lali amekwisha kutafuta fundi wa Mpeketoni, nami sakafu nimeing'oa kwa mkono wangu, atawekewa bati. Jepesi, kama ulivyotaka.

Nina ombi moja, na si kwako, ni kwa binti yangu, lakini nataka ulisikie. Zaituni hunipigia kila Ijumaa. Hunipa habari za mashamba na za majirani, na kila mara, kabla ya kukata simu, husema, "Yusuf akusalimu, baba." Mwaka mzima hajakosa Ijumaa hata moja. Nami huitikia, mwambie nimeipokea. Mwanangu huyu ni mkweli tangu utotoni, na mimi, kwa sababu ya niliyoyatenda, nimemfunza kusema uongo mara moja kila wiki, kwa upendo, ili babake asijisikie vibaya.

Basi mwambie aache. Akipiga Ijumaa hii, kama hukunitumia salamu aniambie hukunitumia, na mimi nitasema nimesikia. Nitaijua thamani yake siku utakayoituma, na siku hiyo isipofika, bado utakuwa hukunikosea.

Kwa heri, Yusuf. Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako.

Mimi,
baba yake Zaituni